Mafuta Yaliyobaki Kwenye Mashudu

Tulimzika Chilongani kule Gulwe, mchana wenye upepo wa vumbi, na katika umati wote uliokuja mimi peke yangu ndiye niliyevaa koti na viatu vya ngozi. Vijana waliochimba kaburi waliniuliza mimi ni nani, ikabidi niwaeleze. Niliwaambia kwamba enzi za Wadachi, kabla baba zao hawajaota ndevu, nilikuwa mtu mweusi wa kwanza katika nchi hii kavu, tangu Kilosa mpaka Kilimatinde, aliyeweza kushika kipande cha mashudu na kusema kimebakiwa na mafuta kiasi gani. Walitazamana. Mmoja akauliza, "Mashudu ya nini, babu?" Nikasema ya karanga. "Ya kulisha ng'ombe?" Kabla sijajibu, mjane, Bi. Matika, ambaye alikuwa amekaa juu ya ngozi hatua chache kutoka pale, miguu ameinyoosha, alisema bila kugeuza kichwa, kama mtu anayezungumza na ukuta: "Siyo ya ng'ombe." Hakusema neno jingine mpaka nilipopanda gari moshi kurudi Dodoma. Sasa nipo nyumbani kwangu Majengo, nyumba ya bati na sakafu ya saruji niliyoijenga kwa akili zangu mwenyewe, cheti changu kikiwa ukutani ndani ya kioo, na tangu nirudi chakula chenye karanga hakipiti kooni. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule.

Nilizaliwa na nani na wapi, hilo halina maana hapa. Mtu huanza pale anapojitengeneza. Mimi nilijitengeneza pwani, kwanza katika shule ya serikali, halafu katika ghala la mnunuzi wa mbata, ambako mzee mmoja wa Kizungu mwenye kikohozi alinifundisha kupima mafuta yaliyomo ndani ya nazi kavu. Wenzangu walifundishwa kazi hiyohiyo wakashindwa. Mmoja alizimia kwa harufu ya benzini, mwingine hakuwa na subira ya kuitazama mizani mpaka itulie. Mimi nilipewa cheti chenye muhuri wa ndege mkali na jina langu lote likiwa limeandikwa kwa wino mweusi. Niliporudi bara reli ilikuwa imekwisha kupita Gulwe, nami nilishuka pale stesheni na sanduku la mbao na kofia, nikiwa na miaka ambayo mtu anadhani dunia ilikuwa inamngoja yeye ndipo ianze kazi.

Ng'ambo ya mto wa mchanga palikuwa na shamba la Mjerumani mmoja aliyenunua karanga za wakulima na kuzikamua. Jina lake halisi sitalitaja. Wafanyakazi walimwita Bwana Tone, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kupitisha kidole kwenye mdomo wa pipa na kurudisha ndani tone lililotaka kuanguka. Aliniajiri siku ileile alipokiona cheti. Kazi yangu ilikuwa kuyapima mafuta ya kwenye mapipa, maji yaliyomo na uchafu uliomo, ili wanunuzi wa pwani wasiyakatae. Alinipa chumba cha bati kilichoegemea kibanda cha mashine, chenye meza moja, mizani ya shaba ndani ya sanduku la kioo, chupa zangu, na dirisha dogo lililotazama mlima. Mchana bati lililia kwa joto, nami nilifunga kitambaa cha maji kichwani ili jasho lisidondoke kwenye sahani ya mizani. Nilikipenda chumba kile kuliko chochote nilichowahi kumiliki. Mpaka leo, nikiwa na vyumba vinne, sijapata kingine cha kukipenda hivyo.

Kupitia bati lile nilisikia kila kilichosemwa kwenye mashine. Mashine yenyewe ilikuwa parafujo kubwa ya chuma iliyosimama wima. Karanga zilisagwa, zikapashwa moto, zikatiwa kwenye vifuko vya katani na kupangwa chini ya parafujo; kisha wanaume walisukuma mti mrefu kuizungusha, wakitembea duara kama punda wa kinu, na mafuta yakatiririka kwenye mfereji. Yaliyobaki ndani ya vifuko, yamebanwa yakawa mabamba, ndiyo mashudu. Msimamizi wao alikuwa Chilongani, mtu mrefu, masikio yake yametobolewa na kuning'inia kama ya wazee wa Kigogo, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili. Yeye ndiye aliyesema sukumeni na yeye ndiye aliyesema basi.

"Bwana Chupa yuko kimya leo," nilisikia mmoja akisema upande wa pili, akiniita kwa jina walilonibandika.

"Anasoma mafuta."

"Mafuta yanasema nini?"

"Yanasema wewe hujaoga tangu mavuno."

Walicheka mpaka mti ukasimama, naye Chilongani akawaambia, "Chekeni mkisukuma. Kicheko hakizungushi chuma." Nami nikacheka peke yangu ndani, ijapokuwa kwa desturi sikuruhusu watu wanizoee.

Mchana nilikula kwa Chilongani. Wafanyakazi wengine walikuwa wageni waliolala kambini, lakini yeye alikuwa na tembe lake upande wa kilima, chini na refu, paa la udongo, ndani giza la baridi ambalo mtu akitoka kwenye jua huingia kama anayeingia majini. Mkewe Matika alikuwa na mimba wakati ule. Alipika ugali wa uwele na mlenda, na ndani ya mlenda aliponda kipande cha mashudu, maana Bwana Tone aliwagawia wafanyakazi mashudu kama sehemu ya posho kila mwisho wa juma, yaliyobaki akawapa nguruwe wake. Siku ya kwanza niliutazama ule mlenda, nikasema pwani tulikuwa tunakula wali wa nazi.

"Basi funga macho, shemeji," Matika alinijibu, "uuite nazi."

Nilifumba macho nikala. Mdomo wangu ulibaki unang'aa. Mikono ya Matika nayo iling'aa, kwa sababu aliyakanda mashudu yangali na joto kisha akajipaka viganja vyake mpaka kwenye viwiko na kwenye tumbo lile lililojaa. Mtu mwingine angeona mwanamke mzuri tu. Mimi niliona mafuta. Niliona mafuta mengi mno mahali ambapo hayakutakiwa kuwapo, na kwa vile hakuna aliyeniagiza, nilichukua kipande cha bamba mfukoni nikaenda kukipima kwa heshima ya elimu yangu mwenyewe.

Nitaeleza namna yake, maana siku hizi wapo wanaojiita mafundi na hawajui. Unayatwanga mashudu, unayakausha, unayapima uzito. Unayalowesha katika benzini ndani ya chupa iliyofungwa, benzini inayavuta mafuta yote. Unachuja, unaiacha benzini iruke juani, mbali na moto, na kinachobaki chini ya chupa, kizito na cha rangi ya asali, ndicho mafuta ambayo mashine imeshindwa kuyatoa. Unapima tena. Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Katika kila vijiko kumi vya mafuta, karibu vitatu vilikuwa vinatoka nje ya kibanda ndani ya mashudu. Mashine ile haikuwa mbovu kiasi hicho. Siku iliyofuata nilisimama mlangoni pa kibanda, nikaona. Mti ulipoanza kuwa mzito, wanaume wakiwa bado na nguvu ya mzunguko mmoja mwingine au zaidi, Chilongani aliinua mkono akasema, "Basi."

Nilimweleza tukiwa njiani kwenda kula. Hakushtuka. Alitembea kidogo, halafu akauliza, "Umeyaona kwa ile chupa?"

"Kwa chupa na mizani."

"Kumbe ni kweli wanafundisha kitu huko pwani." Alisimama. "Mdogo wangu, Bwana anapata mapipa yake. Watu wanapata mashudu yenye kitu ndani. Mimi sikuiba hata kijiko. Nimesema tu basi. Kusema basi ni kazi yangu."

Nilimwambia siri yake imeingia kaburini. Na nilitunza ahadi hiyo, jambo ambalo watu hulisahau wanaponihukumu. Niliitunza muda wote wa kiangazi kile, nikila kwake, nikicheka na mkewe, nikijua kila siku kwa hesabu kamili kile walichokuwa wanakula.

Kisha mvua haikuja. Mtu asiyezaliwa katika nchi hii hajui neno hilo lina uzito gani. Mawingu yalipanda nyuma ya milima ya Mpwapwa, yakakaa, yakaondoka. Uwele ulichipua kwa manyunyu ya kwanza ukafa ukiwa mrefu kama kidole. Ng'ombe walianza kulala na kutoinuka. Wanaume waliotoka upande wa Kongwa walipita na vikapu vitupu wakienda kuhemea chakula mbali, na wengine hawakupita tena kurudi. Hapo ndipo mashudu yalipoacha kuwa kitoweo yakawa chakula. Wanawake walisimama nje ya uzio wa Bwana Tone wakingoja wafanyakazi watoke, na kila mfanyakazi alimegea ndugu, na ndugu akamegea jirani. Matika alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Walimwita Nyemo, yaani furaha, jina la kijasiri kwa mwaka kama ule. Nyumba ile haikuwa na nafaka tena; Matika alikula majani ya porini na mashudu, na kutokana na hayo alipata maziwa. Mtoto alinona. Nilimshika siku moja, akanikojolea suruali, Matika akacheka mpaka akashika ukuta. "Pima na hayo, shemeji!"

Kicheko hicho ndicho cha mwisho ninachokikumbuka katika nyumba ile.

Karanga za kukamua nazo zilipungua, kwa kuwa wakulima walikula mbegu. Bwana Tone akaanza kuhesabu alichonacho kwa ukali wa mtu anayeogopa. Alikumbuka magunia yaliyoingia, akatazama mapipa yaliyotoka, akaona havilingani. Hakufikiria mashudu. Kwake mashudu yalikuwa takataka, na mimi sikuwa nimemwambia vinginevyo. Alifikiria mwizi. Na mwenye ufunguo wa ghala la mapipa alikuwa Chilongani, ambaye mkewe, mwaka ambao watu wote walikuwa wamepauka kama majivu, alikuwa na mikono inayong'aa.

Walimfungia kwenye ghala tupu la magunia. Mtu alitumwa kumwita askari kutoka boma la Mpwapwa. Kila mtu alijua kinachofuata: kiboko, hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano, kama walivyozoea, kisha mnyororo wa shingo na kazi ya barabara, na mwaka wa njaa hakuna aliyetoka mnyororoni akiwa na uzima wake. Nilikwenda ghalani nikazungumza naye kwenye ufa wa mlango. Nilikuwa na hasira naye kwa kukaa kimya.

"Mwambie mafuta yamo kwenye mashudu," nilisema. "Au niache nimwambie mimi. Nitamwonyesha."

"Usithubutu."

"Watakuua, kaka."

"Labda. Nimeongea na Malogo, yule anayesukuma mti, atakuwa msimamizi baada yangu. Anajua mahali pa kusema basi. Amekubali kumpa Matika mgao wangu." Alisema hayo kwa sauti yake ndogo, kama anayenipangia kazi ya kesho. "Bwana akisha kumpata mwizi wake, hatatafuta tena. Niache niitwe mwizi."

"Wewe si mwizi! Mimi nina uthibitisho!"

"Ukae nao."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani kwa umri wangu wote, na kila mara najiuliza mtu mwenye akili timamu alipaswa kufanya nini. Malogo alikuwa mtu mzuri lakini mwoga. Sikuamini angethubutu kuinua mkono mapema hata mara moja baada ya kuona mgongo wa mwenzake. Msimamizi mwingine angeletwa, Matika angefukuzwa kwenye tembe kama mke wa mwizi, na mtoto angekufa huku baba yake akiwa mnyororoni. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu. Na zaidi ya hesabu, sitaficha, kulikuwa na jambo hili: rafiki yangu alikuwa anakwenda kupigwa kwa kosa ambalo halikuwapo, na katika nchi nzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na uwezo wa kuonyesha kuwa halikuwapo. Ningekuwa mtu gani kama ningenyamaza?

Askari alipofika, nilibeba meza yangu mpaka barazani kwa Bwana Tone. Nilipanga chupa. Wafanyakazi walikusanywa kutazama adhabu, wanawake wakiwa nyuma ya uzio, Matika miongoni mwao na mtoto mgongoni. Nilizungumza Kijerumani changu cha shuleni, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie. Nilionyesha mashudu, uzito wake, chupa zenye mashudu yaliyoloweshwa tangu jana yake, na mafuta yale ya rangi ya asali yaliyotulia chini ya kioo. Nilidondosha tone kwenye karatasi, nikaiinua juani, doa likapitisha mwanga. Nikasema, "Hakuna mwizi, Bwana. Mafuta yako hayajatoka nje ya shamba. Yamo ndani ya mashudu." Sauti yangu haikutetemeka. Kama mzee wangu wa pwani angekuwapo angelia kwa furaha.

Bwana Tone aliishika chupa, akaigeuzageuza, akaingiza kidole, akanusa. Kisha akacheka, akanipa mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelifanya kwa mtu yeyote pale. Alimwambia askari arudi zake. Alimfungulia Chilongani, akampigapiga begani na kumwambia kuwa yeye si mwizi, ni mvivu tu, na uvivu una dawa. Nilingoja watu wapige makofi. Hakuna aliyepiga. Niliposikia sauti nyuma ya uzio nilidhani ni kigelegele, lakini alikuwa mwanamke mmoja akisema polepole, "Yaya wee. Yaya wee," kama watu wetu wanavyomwita mama panapokuwa hakuna msaada mwingine.

Kabla ya jua kuzama Bwana Tone alikuwa amekwisha kukata mti mrefu zaidi na kuongeza wanaume wa kusukuma. Alisimama mwenyewe kwenye mashine, na ni yeye aliyesema basi. Parafujo ilishuka mahali ambapo haikuwahi kufika. Mabamba yaliyotoka yalikuwa magumu kama vigae. Wanawake waliyaponda kwa mawe, wakayachemsha kutwa, yakabaki mchanga mdomoni. Watu waliyala hata hivyo, na matumbo yao yaliwauma, na ngozi zao zilianza kupauka kuanzia magotini. Mikono ya Matika ilipauka. Kisha maziwa yakapungua, kisha mtoto akaanza kulia kilio kile chembamba kinachofanana na cha paka aliye mbali.

Msidhani nilikaa tu. Nilimwomba Bwana Tone kopo moja la mafuta kwa ajili ya nyumba ile. Alisema akimpa mmoja atawapa wote. Nikachukua mafuta ya kwenye chupa zangu, yale niliyoyavuta mwenyewe, nikayapeleka ndani ya chupa iliyofungwa kwenye kitambaa. Matika alifungua, akanusa, akanirudishia. Yalinuka benzini. Nilijua yananuka, nilitumaini tu kwamba njaa ingemziba pua. "Haya hapana, shemeji," alisema kwa upole. Hakukuwa na hasira hata kidogo katika sauti yake, na hilo ndilo lililonishinda. Nilimpa mgao wangu wa unga, akaupika, tukala sote watatu kutoka chungu kimoja, Chilongani akitazama mlango. Hakunilaumu kwa neno. Heri angenilaumu. Ningemjibu. Nilikuwa na majibu mengi mazuri.

Nyemo alikufa asubuhi moja mama yake akiwa amekwenda kuchimba mizizi. Mtoto mchanga huzikwa na wanawake. Sisi wanaume tulibaki nje ya uzio. Ardhi ilikuwa ngumu nao walikuwa dhaifu, na tulisikia jembe likigonga, likipumzika, likigonga tena. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda kusaidia.

Kesho yake nilikuwa chumbani kwangu. Nilisikia mti ukianza kuzunguka upande wa pili wa bati, lakini hapakuwa na mazungumzo, wala Bwana Tone hakuwapo, alikuwa amekwenda stesheni. Ulizunguka mpaka ukawa mzito. Nilingoja Chilongani aseme basi. Hakusema. Nilisikia wanaume wakihema, chuma kikilia, mmoja akinong'ona, "Kaka, inatosha, imekwisha," na sauti ile ndogo ikijibu, "Sukumeni." Wakasukuma tena. Kifuko kimoja cha katani kilipasuka. "Sukumeni."

Baadaye alikuja mlangoni pangu akiwa ameshika bamba kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kuingia chumba kile. Aliliweka juu ya meza, kando ya mizani, akarudi nyuma mpaka mlangoni kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Pima, Bwana," alisema.

Nilimwambia akae, nimweleze. Akabaki amesimama. Basi nilitwanga, nikapima, nikalowesha, nikachuja, nikaiweka chupa juani pale dirishani, naye akangoja saa zote hizo bila kuegemea ukuta. Benzini iliporuka nikaiinua chupa kwenye mwanga. Chini palikuwa na ukungu tu, usiotosha kulowesha ncha ya kidole.

"Kuna kitu?" aliuliza.

"Hakuna," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, akarudi kazini.